Je, maharage ya Jumapili yamekufa yakifika Alhamisi?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu: wa miaka 9, wa miaka 6, na wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi minne. Tunaishi Uyole, Mbeya. Kazi yangu ni ya ofisini huko mjini, natoka saa kumi na moja na nusu, na kwa foleni za siku hizi nafika nyumbani karibu saa moja. Baba watoto ni dereva wa malori, mara nyingi yuko njiani. Maharage ya huku yanaweza kuchukua saa tatu kuiva, kwa hiyo nimeanza kuchemsha kilo mbili Jumapili, naweka sufuria kwenye friji na kila siku nachota kidogo naunga. Mama mkwe alipotutembelea kutoka Kyela aliniambia nawalisha watoto chakula kilichokufa, kwamba kiporo kinajaza tumbo tu. Tangu siku hiyo nakosa amani. Siku nikichoka sana napitia chipsi mayai. Chakula cha usiku kinakuwa tayari kama saa tatu kasoro, wakubwa wanakula, mdogo mara nyingi anakuwa ameshalala, dada anakuwa amempa uji au mchuzi jioni. Je, ni kweli virutubisho vinaisha? Niache kupika kwa wiki nzima? Ninunue presha kuka? Na ni kweli yai humchelewesha mtoto kuongea? Maana mdogo bado hajasema sana."*

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali la friji. Mara ya pili niliona sentensi moja ambayo umeipita mbio, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika kwa urefu. Nitaifikia. Kwanza tumalizane na maharage.

Hayajafa. Maharage uliyochemsha Jumapili, ukayapoza upesi na kuyaweka kwenye friji inayofanya kazi sawasawa, Jumatano bado ni maharage. Protini ipo, madini ya chuma na zinki yapo, nyuzinyuzi zipo. Madini hayaozi wala hayachakai kwa kukaa kwenye baridi. Chuma kilichotoka kwenye udongo wa Mbozi hakiwezi kutoweka kwenye friji ya Uyole. Kinachokimbia kirahisi ni vitamini C, na kwa kiasi fulani baadhi ya vitamini za kundi B kama foleti, kwa sababu huyeyuka kwenye maji na hazistahimili moto wa muda mrefu. Sasa, maharage makavu hayana vitamini C ya kuhesabu tangu yakiwa guniani, kwa hiyo hapo huna cha kupoteza. Foleti nayo ikitoka kwenye punje inaingia kwenye maji ya kuchemshia, na maji hayo kwako ndiyo mchuzi. Mnaila.

Mama mkwe usimchukulie kuwa hajui. Kyela ni joto, na kiporo alichokulia nacho ni cha sufuria iliyofunikwa mfuniko ikaachwa jikoni mpaka asubuhi. Kiporo hicho kina hatari ya kweli, hasa cha wali. Kuna bakteria wanaoishi kwenye mchele ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukibaki na uvuguvugu saa nyingi, mbegu zinaamka, zinaongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo hata uupashe moto kiasi gani haiondoki. Mtoto anatapika saa chache baada ya kunywa chai na kiporo, nyumba nzima inasema ni malaria. Kwa hiyo kanuni ya mama ilikuwa sahihi kwa jiko lake. Jiko lako lina friji.

Ila na sisi wa nyanda za juu tuna kosa letu, tunasema baridi ya Mbeya ni friji tosha. Mwezi Julai nje kunaganda, sawa. Lakini jikoni, mahali ambapo jiko la mkaa limewaka jioni nzima, sufuria kubwa ya maharage yenye mfuniko inakaa na uvuguvugu hadi usiku wa manane, na uvuguvugu ndio bakteria wanaoutafuta. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili.

Hapo ndipo nitakapokurekebisha kidogo. Sufuria nzima ya kilo mbili ukiiingiza kwenye friji, katikati yake itachukua saa nyingi kupoa. Halafu kila jioni unaitoa, unachota, unairudisha, na kijiko chenye chumvi na kitunguu kimepita humo. Jumapili, maharage yakiiva, yagawe kwenye vyombo vinne au vitano visivyo na kina, viweke ndani ya beseni la maji ya bomba (maji ya Uyole ni baridi ya kutosha, hii ni faida yetu), yakipoa yaingie ndani. Vyombo vya mpaka Jumatano viweke chini, vya Alhamisi na Ijumaa viweke kwenye friza. Siku tatu ndizo ninazokubali kwa chakula kilichopikwa kilichoko kwenye friji ya kawaida. Kila siku toa chombo kimoja, unga, chemsha mpaka kitokote katikati na siyo pembeni tu, na kilichobaki baada ya hapo kisirudi tena. Umeme ukikatika usifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa hushikilia baridi kama saa nne.

Ukitaka kujua virutubisho vinakoishia kweli, usitazame friji. Tazama mboga za majani. Nimeingia majiko mengi ya mkoa wa Mbeya na Iringa, na nimeona chainizi iliyokatwa kwanza ikaoshwa baadaye, ikachemshwa nusu saa mpaka ikawa na rangi ya kaki, kisha maji yake ya kijani yakamwagwa nje kwenye mgomba. Ule mgomba unalishwa vizuri kuliko watoto. Mboga za majani usipike Jumapili. Osha majani yakiwa mazima, kata, tia kwenye kitunguu na nyanya zilizokwisha kaangwa, funika, dakika tano hadi saba inatosha kwa chainizi au mchicha. Hiyo kazi ya kila jioni unaiweza hata ukiwa umechoka, na mafuta kidogo unayokaangia ndiyo yanayousaidia mwili kuchukua vitamini A iliyomo kwenye majani.

Na magadi. Hukuyataja, lakini sijaona jiko la maharage magumu lisilo na kopo la magadi dirishani. Magadi hulegeza ile gundi inayoshikilia chembe za punje, ndiyo maana maharage yanaiva haraka. Lakini hayo hayo huharibu vitamini B1, na B1 ni moja ya sababu za kula maharage. Acha. Kuna njia nyingine.

Kwanza ujue kwa nini yanakusumbua. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji hutokota kwenye joto pungufu kwa takriban nyuzi moja, kwa hiyo maji yako yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za pwani. Ukizidisha mkaa yanatokota kwa fujo zaidi, hayawi ya moto zaidi. Mama mkwe wako, kule karibu na ziwa, anapikia maji yenye nyuzi 98 au zaidi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa punje ngumu ni saa nzima ya mkaa. Ongeza na hili: maharage ya zamani, yaliyokaa ghalani mahali penye joto na unyevu, hujenga ugumu ambao hauondoki. Sokoni uliza ya msimu huu, na usione haya kuuliza.

Yaloweke usiku wa Jumamosi, asubuhi mwaga maji hayo, osha, injika kwa maji mapya. Kuloweka kunapunguza muda wa moto, na kunaondoa sehemu ya zile sukari zinazowajaza watoto gesi. Nyanya na limao visitiwe mpaka punje zilainike kabisa. Uchachu huzifanya zigome.

Sasa presha kuka. Nikijibu kama ndugu, nunua, ukiweza kabla ya kitu kingine chochote cha jikoni. Inafunga mvuke, shinikizo linapanda, na maji yanafika zaidi ya nyuzi 110 hata huku kwetu juu. Inakurudishia lile joto ambalo urefu wa mlima ulikunyang'anya. Maharage yaliyolowekwa yanaiva chini ya saa moja, mara nyingi chini ya hapo sana. Wanaoogopa LUKU nawaambia wapige hesabu: ya umeme yenye wati 1,000, ingewaka saa nzima mfululizo, ingekula yuniti moja. Nayo haiwaki mfululizo, ikishapata shinikizo inapumzika na kurudi. Linganisha na debe la mkaa. Usijaze maharage na maji kupita nusu ya chombo, maana povu lake huziba tundu la mvuke, na dada afundishwe kwa mikono yako mwenyewe asifungue kabla shinikizo halijashuka.

Kama fedha haipo mwezi huu, kikapu. Kikapu kikubwa chenye mfuniko, kimefunikwa ndani kwa blanketi kuukuu au mito iliyojazwa matambara. Chemsha maharage yaliyolowekwa nusu saa, yakiwa yanatokota kwa nguvu ingiza sufuria na mfuniko wake, funika kabisa, nenda kanisani. Ukirudi yatakuwa karibu kuiva, unamalizia motoni. Ile nusu saa ya kutokota usiifupishe, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayotaka angalau dakika kumi za kutokota hasa. Moto wa uvuguvugu hauiondoi. Baadhi ya walioharisha kwa "maharage mabovu" walikula maharage mazuri yasiyotokota vya kutosha.

Nimefika kwenye ile sentensi. *"Mdogo mara nyingi anakuwa ameshalala, dada anakuwa amempa uji au mchuzi jioni."*

Wewe unalala na wasiwasi wa virutubisho vya watoto wa miaka 9 na 6. Hao wanakula shuleni, wanaomba, wanachungulia sufuria. Mwenye mwaka mmoja na miezi minne ndiye anayejengwa sasa hivi, urefu wake na ubongo wake, na ndiye asiyefika kwenye meza yako. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto waliodumaa nchini walikuwa asilimia 30. Iringa walikuwa karibu 57, Njombe na Rukwa karibu nusu. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Watu wa Dar wanakula mahindi na viazi vyetu, sisi tunadumaa. Ukikaa vijijini ukiuliza kwa nini, jibu moja linajirudia: mama yuko shambani tangu alfajiri, chakula cha maana kinapikwa usiku, na mtoto mdogo analala amekunywa uji. Wewe uko ofisini badala ya shambani. Saa ni zile zile.

Kuhusu mchuzi, nikuonyeshe ninachofanya kliniki. Nachukua bakuli la maharage yaliyoungwa, namimina kwenye kichujio cha chai. Chini unadondoka mchuzi mwekundu, unanukia vizuri, una chumvi, mafuta kidogo na rangi ya nyanya. Kwenye kichujio zimebaki punje. Kisha namwuliza mama, "Protini iko juu au chini?" Wanacheka, lakini wanaelewa, kwa sababu kila mmoja anajua kwake chini ndiko alikolishiwa mtoto. Mchuzi unalainisha ugali, basi. Mtoto wa umri wake apewe punje zenyewe, zilizopondwa kwa mwiko, pamoja na ugali, badala ya mchuzi mtupu.

Uji nao utazame kwenye kijiko. Ukikiinamisha ukamwagika kama chai, umempa maji ya unga, na tumbo lake dogo limejaa bila kupata kitu. Uwe mzito wa kung'ang'ania kijikoni. Na zile nafaka saba zilizosagwa pamoja hazina uchawi. Unga wa mahindi wenye karanga safi zilizochaguliwa moja moja, maziwa na ndizi iliyopondwa unatosha. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa tupa, usimpe hata kuku, maana sumukuvu haiondoki kwa kukaanga.

Kwa hiyo ninachokushauri ni mlo wa mdogo uhame. Usisubiri ufike. Dada ampikie au ampashie saa kumi na moja, ale saa kumi na mbili, mlo kamili, kiasi cha robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima. Ugali laini au ndizi za Tukuyu zilizopondwa, kijiko kikubwa au viwili vya maharage yaliyopondwa au usipa (wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa), majani yaliyokatwa kidogo sana, na kipande cha parachichi ambalo huku kwetu halihitaji kupikwa na lina mafuta mazuri. Wewe ukifika saa moja akiwa macho, mpe tunda au mtindi, au ziwa kama bado ananyonya. Umri huu anahitaji milo mitatu au minne kwa siku na asusa moja au mbili kati yake, siyo sahani moja kubwa ya usiku.

Hilo maana yake mpishi wa mtoto wako ni dada, siyo wewe. Umemtaja kwa neno moja tu kwenye barua ndefu. Mimi ningeanza naye. Jumamosi moja kaa naye jikoni, mwonyeshe unene wa uji na kipimo cha kikombe, mweleze kwa nini punje na siyo mchuzi. Usimwachie maagizo ya mlangoni saa kumi na mbili asubuhi ukikimbilia bajaji. Na ale chakula kile kile. Binti anayeficha njaa yake hawezi kulisha mtoto wa mtu kwa subira. Baba watoto naye anapokuwa nyumbani siku mbili tatu, kijiko hakimchomi mkono.

Usipa nimeutaja, nikae nao kidogo. Huko anakotoka mama mkwe ndiko unakotoka. Ni protini, chuma na kalsiamu ya mifupa, na unaiva kwa dakika ishirini. Kata vichwa kama vina mchanga, osha kwa maji ya moto mara mbili, kaanga kwa kitunguu na nyanya. Mwingine ukaushe kikaangoni, utwange, utie kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye chakula cha mdogo kila siku ni jambo kubwa. Siku zako za kuchoka ziwe siku za usipa badala ya chipsi mayai. Si kwamba chipsi mayai ni dhambi. Yai lile ni zuri. Ila mafuta ni mengi, majani hakuna, na mara moja kwa wiki haiui mtu.

Yai halimcheleweshi mtoto kuongea. Hakuna kitu kwenye yai kinachogusa ulimi wala usemi, kinyume chake lina virutubisho ambavyo ubongo unavihitaji. Mpe, likiwa limeiva kabisa mpaka kiini. Mama akikuona usibishane naye mbele ya watoto. Mwambie kliniki wamesema, hilo neno linamaliza mengi.

Jambo moja la baridi yetu: chai. Mufindi na Rungwe wanatuuzia chai nzuri, nasi tunaiteremshia juu ya ugali na maharage. Chai hushika madini ya chuma ya maharage na majani, yakapita bila kuingia mwilini. Watoto wasinywe chai na chakula; mtu mzima aisubirie kama saa nzima baada ya kula. Kamulia limao kwenye maharage yaliyoiva au wape chungwa, na hapo unafanya kinyume chake, chuma kinaingia zaidi.

Sasa yale ambayo siwezi kuyatibu kwa maandishi. Umesema mdogo "bado hajasema sana". Sijui maana yake ni maneno mawili au hakuna kabisa. Kama hana neno lolote lenye maana, haitiki jina lake, hageuki akisikia sauti, au kuna kitu alikuwa akifanya amekiacha, mpeleke hospitali apimwe masikio na ukuaji bila kusubiri. Mpeleke pia kama uzito kwenye kadi umesimama au umeshuka miezi miwili mfululizo, kama anakula udongo, kama viganja na ndani ya kope ni vyeupe, au kama anaharisha mara kwa mara. Miguu ikivimba, au utepe wa kupimia mkono ukisoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, hiyo ni ya siku hiyo hiyo.

Hata bila dalili hizo nenda kliniki mwezi huu, na uombe apimwe urefu, siyo uzito peke yake. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene mashavuni na uzito wake ukaridhisha, jicho halioni. Uliza kama matone ya vitamini A na dawa ya minyoo ya Juni au Desemba alipata. Kila halmashauri ina afisa lishe, na kumwona ni haki yako. Nenda na dada, asikie mwenyewe.

Ukirudi niandikie vipimo vyake vitatu vya mwisho na tarehe zake. Bila hivyo nitakuwa nabahatisha.